Kindi Waliohudhuria Posa ya Rukia

Najua mmeshasimuliwa, tena vibaya, kwa hiyo bora niseme mwenyewe, maana mtu ukishachekwa mtaa mzima wa Sparkhill, hapa Birmingham, huna tena cha kuficha. Ni kweli. Siku waliyokuja kumposa binti yangu, kindi waliingia sebuleni, na aliyewaita ni mimi.

Mama Rukia alipofariki nyumba ilikuwa kubwa ghafla (nyumba yenyewe ya vyumba viwili, ukuta mmoja na jirani, lakini mliofiwa mnanielewa), Rukia anashinda kazini, mimi nimeshastaafu kazi ya ghala, basi asubuhi nakaa uani na kahawa yangu na kashata za karanga. Kindi mmoja wa kijivu akaja juu ya uzio, akanitazama, nikamrushia kipande. Kesho yake akaja na mwenzake. Siku moja, kwa upweke tu, nikagonganisha vikombe viwili mkononi kama wale wauza kahawa waliokuwa wakipita jioni kwetu Ngamiani, Tanga, sisi watoto tukisikia tunatoka mbio hadi barazani kwa baba kudoea kashata. Kindi nao wakajifunza. Haukupita mwezi, nikigonga vikombe wanateremka wanne kutoka mti wa jirani, wanakula mkononi mwangu, na yule mkubwa akazoea kunipanda begani. Nilikuwa na furaha jamani, sitawaficha. Miaka yote hii Birmingham sikuwahi kumgongea mtu vikombe akaja.

Ikaja posa. Kijana ni Salim, asili yao Unguja, wazee wake wako Castle Vale, hapa hapa Birmingham, lakini yeye kazi yake iko Glasgow, mbali huko Scotland, na hapo ndipo paliponiuma. Kijana sikuwa na neno naye, ila nilikuwa na sharti moja: wakioana waishi Birmingham, kwa sababu Rukia ninaye huyu mmoja tu. Wiki nzima nalisema mbele ya kioo nikinyoa ndevu. “Just ask them, Dad,” Rukia akaniambia (Kiswahili anakisikia chote, kujibu ndiyo kazi), maana alijua nikiliomba mbele ya wazee wao, Salim atahama, ila yeye mwenyewe alikuwa anaona haya kumwomba.

Jumamosi wakafika, mshenga ni Mzee Mbarouk, mjomba wake Salim, mtu mzito, kanzu nyeupe inang'aa, pamoja na Bi Zuhura, shangazi yake kijana. Mlango wa jikoni nilikuwa nimeuacha wazi harufu ya pilau itoke. Barua ya posa iko mapajani kwa Mzee Mbarouk, maamkizi yamekwisha, kahawa imekuja, na mimi sharti langu liko ncha ya ulimi. Mzee akaonja, akasema, “Kahawa nzuri, lakini huku Uingereza imekosa wa kuigongea vikombe.”

Sasa mtu mwenye akili angecheka tu tukaendelea, lakini mimi na kiherehere changu nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kuwa binti anatoka kwa watu, nikachukua vikombe nikavigonga. Mzee Mbarouk akafumba macho. “Umenirudisha utotoni, bwana,” akasema. “Hebu tena.” Nikagonga tena, safari hii kwa madaha, na hiyo ya pili ndiyo iliyoniponza.

Wa kwanza nilimwona mlangoni, nikajifanya sijamwona. Wakaingia wengine watatu, wawili moja kwa moja kwenye sahani ya kashata, na yule mkubwa, ambaye kwake bega ni bega, akampanda Mzee Mbarouk kanzu mpaka juu, akamnyang'anya kashata mkononi. Mzee akafumbua macho, wakatazamana. Aliponyanyuka kahawa yote ikamwagikia kanzu na barua, Bi Zuhura yuko juu ya kochi, baibui kalikamata kwa mikono miwili, anauliza panya wa nchi hii wana mikia ya namna gani.

“Si panya, Bi Zuhura,” nikasema, nikidhani namtuliza. “Ni kindi. Wamezoea, wanakula hapa kila siku.”

Akanitazama. “Kwenye sahani hii hii?”

Nikaiondoa sahani mbele yake. Akaitoa kashata mdomoni, akaifunga kwenye leso taratibu. Rukia alishuka na ufagio, na gauni lake jipya, akawafukuza wote, lakini wageni walikuwa wameshavaa viatu. “Tutawasiliana,” Mzee Mbarouk akasema, na sote tunajua neno hilo maana yake nini.

Rukia hakunisemesha siku tano. Ya sita nikapanda basi mbili hadi Castle Vale kuomba radhi (baba wa binti kwenda kubisha hodi kwa waposaji, kwetu hilo halijasikika), Mzee Mbarouk akaniacha nijieleze mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akatoa machozi, akasema watarudi.

Wakarudi kweli. Nilifunga milango, nikafunga madirisha, Bi Zuhura kaja na chupa yake ya kahawa kutoka kwake. Nilikaa pembeni mikono magotini, sigusi kitu, naogopa hata kukohoa. Mzee Mbarouk akasoma barua, akauliza, “Upande wenu mna sharti lolote?” Rukia amesimama mlangoni ananitazama mimi. Bi Zuhura anatazama pazia. Nikaona nikifungua mdomo tu nitaharibu tena.

“Hatuna,” nikasema. “Tumekubali.”

Rukia akainamisha kichwa, kisha akaenda kuleta juisi.

Rukia ameolewa, yuko Glasgow, huu mwezi wa nane sasa. Kindi hawakuniharibia kitu, jamani, posa ilipona. Mimi niliona aibu moja ndogo, nikailipia kwa mwanangu. Nimeapa, nikikaa tena kwenye jambo la watu nitasema ninachokitaka hata nikiwa na kindi kichwani. Na bado, Jumapili iliyopita amenipigia simu, tukaongea mvua, tukaongea mapishi, halafu akauliza kwa upole kwa nini siku ile sikuomba. Nilimsikia vizuri, nikamwambia sauti yake inakatika.