Lundo la Pamba la Bibi

Wiki nzima nilimbishia mke wangu kwamba mafua ni mafua tu, chanjo ya nini kwa familia nzima? Nilitumia maneno ya chuo kikuu. Yeye alitumia moja: "Unaogopa."

Jana tukaenda zahanati, hapa Somanda. Muuguzi alipolowesha pamba kwa spiriti, harufu ile ilinirudisha Kasoli, kwa bibi, kwenye chumba kilichojaa pamba iliyosubiri kuuzwa. Siku moja, nikiwa mtoto, wachanjaji walipoingia uani, nilijizika ndani ya lundo hadi utosini.

"Mjukuu wako yuko wapi, mama?"

"Kaenda machungani."

Vumbi la pamba likanipanda puani, nikapiga chafya.

"Na huyo je?"

"Mbuzi huyo, mwanangu. Ana mafua."

"Basi mtoe. Mbuzi nao wana chanjo yao."

Bibi, ambaye hakuwahi kuinyima mifugo yake dawa, akanivuta mguu.

"Tuanze na nani?" muuguzi wa zahanati akauliza.

"Baba!" wakasema watoto.

Nikakagua chumba kizima. Pamba yote niliyoiona ilikuwa katikati ya vidole viwili vya muuguzi.