Oveni Iliyofukizwa Uunsi

Saa moja na nusu asubuhi, karibu na soko la mifugo la Garissa, miguu miwili imetokeza kwenye mlango wa gari-nyumba jeupe. Ni ya Timiro Abdinoor, miaka arobaini na moja, fundi wa majiko ya gesi. Sehemu iliyobaki ya fundi iko ndani ya oveni.

"Inawaka, lakini nikiachilia kitufe inakufa," analalama Jawahir, mwenye gari, akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. "Abaayo, dada yangu, harusi ni leo!"

Zamani gari hilo lilikuwa la watalii. Sasa Jawahir hulala humo na kuoka humo. Ameahidi doolsho mia mbili, keki laini za Kisomali, kwa harusi ya Naimo, binti ya jirani, kabla ya adhuhuri. Zisipofika, wageni watalitafuna jina lake.

Timiro hana haraka. Amefungua madirisha, amefungua mtungi bila kuwasha, na kupaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi kutafuta uvujaji. Hakuna.

"Siwashi kitu kabla ya sabuni," anasema. "Mara ya kwanza niliwasha. Hizi nyusi nimechora kwa wanja, unadhani ni urembo?"

Kazi aliianza miaka kumi na mbili iliyopita, akiosha vyombo hotelini. Jiko lilizimika, fundi wa kutoka Nairobi akakawia siku nne, Timiro akalifungua kwa kisu cha vitunguu na kulitengeneza. Leo hutengeneza hata majiko matano kwa siku, ingawa wateja wengine, wakimwona mwanamke, bado huuliza fundi mwenyewe yuko wapi.

"Nawaambia anakunywa chai. Halafu nakunywa chai."

Ghafla ananusa.

"Jawahir, umefanyia nini hii oveni?"

Jawahir anaungama. Jana alioka humo nyama ya ngamia, harufu ikagoma kutoka. Basi akaingiza chetezo ndani ya oveni, akatia uunsi, ule udi uliopikwa na sukari, akafunga mlango. "Sasa niuze keki inanuka ngamia?"

Timiro anacheka mpaka gari linatikisika. Utando wa uunsi umeziba kitundu cha mwali mdogo wa kuwashia, na kukifunika kijiti cha shaba kinachohisi joto lake. Kijiti kisipohisi joto, hufunga gesi.

Kijiti anakisugua kwa msasa laini. Kitundu anakizibua kwa unywele wa mkia wa ngamia. "Sindano inapanua tundu," anaeleza. "Ngamia ameleta shida, ngamia amalize."

Anabonyeza kitufe, anawasha, anahesabu hadi thelathini kwa Kisomali. Anaachilia.

Mwali wa buluu umebaki.

Jawahir anapiga vigelegele hadi mbuzi sokoni wanageuka. Saa sita kasorobo doolsho ya mwisho inaondoka, ikinukia uunsi kidogo. Wageni wanaulizia siri ya mapishi.

Wiki ijayo Jawahir ataelekea Habaswein, kisha Buna. Timiro atapanda naye, atengeneze majiko njiani. Chetezo kitasafiri juu ya paa. Ubavuni mwa gari Timiro anataka bango, na maneno ameshayachagua: "Timiro. Fundi Mwenyewe."