Mvula Juu ya Manjanja ya Shule Yetu

Sisi tuliosomea chini ya manjanja, mabati matupu bila plafon, ile dari ya kupunguza kelele, tunajua mvula ni kitu gani. Shule yetu ya sekondari, hapa karibu na Majengo, ilikuwa ya mbao tupu. Chini ilikuwa mawe meusi ya volkano yanayokula viatu. Mbao ziliachana, mutu wa kalasi ya pili alifuata hesabu za kalasi ya tatu bila kuomba ruhusa. Tulikuja na nguo zinazonuka moshi wa makala ya kupikia, na kiazi kitamu cha jana mufukoni, na tulikuwa na furaha kabisa.

Prof wetu wa Kifaransa alikuwa Madamu Feza, mwanamuke mufupi, mwembamba. Hata siku ya jua alishindana na kelele za kalasi ya jirani. Mvula ikianza kupiga manjanja, maprof wengine walifunga kitabu na kungojea. Yeye hapana! Alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo inatoka. Sisi, siku ya interro, lile jaribio fupi, tuliangalia mawingu upande wa Kibumba na kuomba yaje haraka ili maswali yasisikike. Tulimuita Radiyo. Mama yangu akasikia, akanikemea: « We mutoto, ule mama anajiua kwa sababu yenu, na nyinyi munacheka? »

Tulikuwa tumeshamaliza shule wakati sauti ilianza kumukatika. Munganga wa hospitali akamuambia wazi: akiendelea kupiga kelele, itaisha kabisa. Akaacha kufundisha, akakaa nyumbani Mabanga. Iliniuma sana, maana hakujua kazi ingine, na hakuitaka.

Kisha shule ikatengenezwa upya. Kuta za matofali, sima ya saruji chini, plafon nzito juu, na projekteri ya kuonyesha masomo ukutani. Kijana wangu anasoma pale. Jioni analalamika eti kiti kinamuumiza mugongo. Kiti! Sisi tulibanana watano kwa benchi moja, na musumari ukishika suruali, shida ni yako na mama yako.

Juma iliyopita walituita wazazi tufuate masomo. Nikakaa nyuma kabisa. Nani anaingia? Madamu Feza, nywele nyeupe! Na inje mawingu yameshafunga. Nikaogopa kwa ajili yake, wallahi nilitaka kutoka. Mvula ikamwagika. Ilisikika mbali tu, juu ya plafon. Madamu akaonyesha masomo ukutani, akaanza kuyasoma polepole, bila kupaza sauti, na mimi kule nyuma nikasikia kila neno.

Tulipotoka nikamusalimia. « Madamu, sauti imerudi? »

« Haijarudi, mwana wangu. Ni hii kidogo iliyobakia. Hapa inatosha. »

Njiani kijana wangu akapiga miayo, akasema: « Papa, ule Madamu anaongea polepole sana, usingizi unatushika. »

Sisi, miaka yote ile, tulisikia makelele yake. Sauti yake, ni wao wanaisikia.