Kaa wa Kijani

Binamu yangu aliponiambia tuiteremshe mashine ya gemu ukumbini, vijana wa mtaani waje kucheza kwa kulipa, nilitakiwa niseme hapana. Tulikuwa tumekaa barazani kwangu, vikombe vya kahawa mkononi, na mke wangu yuko juu anasuka ukili wa mikeka. Hakuna aliyenishika koo. Nikasema, "Haya." Binamu akacheka, akanipiga begani, akaagiza kahawa nyingine.

Hayo yalikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilidhani nimeshayazika, mpaka mwaka niliostaafu. Nilikuwa nikipita sokoni Darajani na kikapu changu cha samaki, nikasikia mlio mfupi wa kupanda na kushuka, ule ule ambao gemu yetu ilikuwa ikiutoa kabla ya kuanza. Nilisimama katikati ya njia mpaka mwenye mkokoteni akaniambia, "Mzee, chagua upande."

Mlio ulitoka kwenye duka la redio na saa. Nyuma ya kaunta alikuwepo mama mmoja wa makamo, ameshika gemu ya mkononi, kidude chenye kioo kidogo kama kiberiti, anaijaribu. Akaniamkia, nikaitikia, nikamwuliza ina nini ndani. Akasema zimo gemu za zamani, nyingi, ila picha zake mbovu. Akanionesha nyingine, ghali zaidi, ina magari ambayo ukiyatazama utadhani ya kweli. Nikamwambia magari siyataki. Nataka hiyo ya zamani, na aniteremshie majina yaliyomo mpaka nimwambie simama.

Alivumilia. Majina yalipita, mengine yakijirudia, mpaka ikatokea picha nyeusi yenye kuta za matofali mekundu. Nikamwambia hapo. Akanipa nijaribu. Kikapu nikakiweka chini, na vidole vikaanza vyenyewe bila ya kuniuliza.

"Mashaallah," akasema. "Mzee, haya umejifunza wapi?"

"Nyumbani."

Akatia mawe mapya ya betri, akaniuliza kama anifungie vizuri, iwe zawadi ya mjukuu. Nikasema ndiyo, ya mjukuu. Mjukuu sina.

Mashine yetu ya kwanza ilikuwa zawadi ya harusi. Binamu, ambaye kazi yake ilikuwa kwenda Dubai na kurudi na mabegi, aliileta pamoja na kaseti yake moja. Mimi nilioa nimechelewa, nimeshapita arubaini, kwa kuwa nilimuuguza mama yangu miaka mingi. Mke wangu alikuwa mtu wa Kendwa, wazee wake wametoka Tumbatu, na wakati huo Kendwa haikuwa na hoteli hata moja. Mjini hakuwa na jamaa ila mama yake mdogo, aliyekuwa akikaa Mtoni. Nikienda kazini, kwenye ghala la karafuu nilikokuwa karani, yeye alibaki na nyumba kubwa kwa watu wawili, na lugha yake ya shamba ambayo majirani waliicheka kwa upole mpaka wakaizoea.

Televisheni tulikuwa nayo tangu zama za baba. Nikaiunga mashine chumba cha juu, nikampa kimoja cha vile vishikio viwili vya waya ambavyo vijana huviita pedi, nikidhani nitamfundisha. Gemu yenyewe ni ya vifaru. Chini ya kioo pana nyumba ndogo ya matofali, na vifaru viwili vya kuilinda, kimoja cha njano na kimoja cha kijani, na maadui wanateremka kutoka juu. Nyumba ikipigwa mmekwisha nyote wawili, hata kama roho zenu mnazo. Mke wangu hakuwa amepata kuona kifaru. Alivitazama vinavyokwenda upande upande, akasema, "Hawa kaa." Basi wakawa kaa. Wa njano wangu, wa kijani wake.

Vidole vilivyosuka ukili tangu utotoni havikuhitaji mwalimu. Muda si mrefu alinipita. Mimi nilipenda kwenda juu kuwafuata maadui huko huko walikotoka. Yeye hakuondoka karibu na nyumba. Nikifa alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga.

"Rudi nyumbani, bwana," alikuwa akiniambia. "Mtu wa mjini hodari wa kutembea, nyumba yake analindiwa."

"Nnakuja."

"Unakuja lini? Washaanza kutoboa ukuta."

Tulikuwa tukicheza baina ya magharibi na isha. Wali ukiungua tulikula ukoko. Umeme ukikatika tulibaki gizani na pedi mikononi, tukibishana nani alikuwa anashinda. Sijui kama nimepata kuwa na furaha nyingine ya kiasi kile.

Aliposikia kuwa mashine inateremka, hakugomba. Aliweka ukili chini, akaniambia, "Mashine chukua. Ukumbi niachie."

Nilijua maana yake. Nyumba yetu imo ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, nyembamba, imekwenda juu, nayo ina mlango mmoja. Ukiingia unakuta ukumbi, na ngazi ya kwenda juu inaanzia ndani ya ukumbi huo huo. Nyumba nyingine za mtaani zina mlango wa uani, au kipito cha juu cha kutokea kwa jirani, ambako wanawake hupita wasionekane. Yetu haina. Na saa za vijana kuja kucheza, kuanzia alasiri, ndizo saa ambazo wanawake wa mjini hutoka, kwenda kumtazama mgonjwa, kwenda harusini, kwenda hitimani, au kutembeleana tu.

Nilimwambia ni mpaka Ramadhani. Nikatundika pazia chini ya ngazi. Nikamwambia akitaka kupita akohoe. Vijana wetu wana adabu.

Walikuwa na adabu kweli. Mara ya kwanza alipokohoa, gemu ilisimamishwa, wote wakainuka, wakageuza nyuso zao ukutani. Mke wangu akapita na buibui lake katikati ya migongo, na ukumbi mzima umenyamaza unasikiliza nyayo zake. Matusi yangekuwa nafuu. Alirudi jioni, na tangu siku hiyo hakukohoa tena. Alikaa juu mpaka wa mwisho aondoke. Harusi zikapita, hitima zikapita. Majirani wakaanza kusema ana kiburi, mwanamke wa shamba kaonja ghorofa.

Ramadhani ikaja, ikaenda, pazia likabaki. Wala siwezi kujisingizia shida. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini tulikuwa tunakula. Ukweli ni kwamba kule chini nilikupenda. Nilipenda kuitwa bingwa na vijana ambao ningeweza kuwazaa. Nilikuwa nikirudi kazini, nikavua viatu, nikaingia mchezoni kabla ya kupanda kumwamkia mke wangu. Pedi ya kaa wa kijani aliishika yeyote aliyekuwepo.

Siku moja alasiri imeshaswaliwa, viatu vimejaa mpaka barazani, nami nimeupa mlango mgongo. Kijana mmoja akasema kuna mama nje anamtaka mwenye nyumba. Nikamjibu bila ya kugeuka, "Mwambie nnakuja. Nnamaliza hii."

Siku hiyo nilikuwa nimefika mbali kuliko siku zote. Nikamaliza. Nilipotoka, kichochoro kilikuwa kitupu. Nikafikiri ni mmoja katika wanaopita na vitu vya kuuza, nikarudi ndani.

Alikuwa mama mdogo wa mke wangu. Mama mkwe wangu alikuwa amefariki ghafla Kendwa mchana ule, na gari la jamaa lilikuwa linangoja barabarani. Yeye alikuja kumchukua mke wangu wende pamoja. Mwanamke wa heshima hapigi hodi ndani ya ukumbi wa wanaume wageni akajipenyeza mpaka kwenye ngazi, wala habari ya msiba haitumwi kwa kijana usiyemjua, ikapigiwe kelele katikati ya mchezo. Mtu anayestahili kuambiwa kwanza ni mwenye nyumba, amwandae mkewe. Alimwita mwenye nyumba, akaambiwa anakuja. Alisimama ukuta wa pili, akangoja, mpaka dereva akamfuata akamwambia maiti haisubiri mtu.

Baada ya isha akaja mjomba wa mke wangu na habari yote. Mazishi yalikuwa yamekwisha kabla ya magharibi.

Nilipanda ngazi kumwambia. Hakulia kwanza. Aliniuliza mama mdogo alikuja saa ngapi, nikamwambia. Akaniuliza mimi nilikuwa wapi, na hilo nalo nikamwambia.

"Nlikuwa juu," akasema. "Bwana, nlikuwa juu hapa tu."

Asubuhi nilimpeleka Kendwa, akakaa matangani. Niliporudi nikawaambia vijana basi, nikaling'oa pazia, nikaipandisha mashine chumbani, na pedi mbili nikaziweka juu ya mkeka kama zamani. Baada ya arubaini nikaenda kumchukua. Alinitandikia busati, akaniletea kahawa na tende. Hakunivunjia heshima hata kidogo. Nikamwambia ukumbi sasa ni mtupu, anaweza kupita saa yoyote aitakayo.

"Nasikia umeufunga," akasema. "Lakini kila nkishuka ngazi ntamwona mama mdogo kasimama nje. Niache kwa wema, bwana."

Ningeweza kukataa, talaka ilikuwa mkononi mwangu. Nilikwenda tena, na tena, na nikatuma wazee. Jibu halikubadilika, na sauti yake haikupanda hata mara moja. Mwisho nikamwandikia talaka.

Baadaye aliolewa Chwaka. Nasikia analima mwani, na ana watoto waliokwisha kuwa wakubwa. Mashine binamu aliichukua akaiuza, na siku hizo sikutaka hata kujua imekwenda wapi. Mimi sikuoa tena.

Gemu hii ya mkononi naipandisha juu kila jioni nikishaswali magharibi. Nakaa nayo pale pale, mbele ya televisheni iliyokufa zamani, ingawa haihitaji televisheni. Imeundwa kwa mtu mmoja. Haina pedi ya pili wala pa kuichomeka. Hata hivyo kabla ya kuanza inauliza kama ilivyokuwa ikiuliza ile ya zamani, mchezaji mmoja au wawili. Siku niliyotoka nayo Darajani nilibonyeza wawili kwa mazoea. Wakatokea kaa wote, kila mmoja upande wake wa nyumba. Wangu akaondoka. Wa kijani akabaki pale alipotokea, kwa kuwa hakuna wa kumwendesha. Maadui walipomjia alisimama tu, akapigwa. Akatokea tena, akapigwa tena, mpaka roho zake zikaisha.

Niliiweka chini, nikaenda msikitini mapema.

Tangu hapo sijapata kuchagua mmoja. Nachagua wawili, na juu kwa maadui siendi tena. Namsimamisha wangu mbele ya wa kijani, nazuia ninachoweza. Sifiki mbali kwa mchezo wa namna hiyo, lakini sitafuti kufika mbali. Iliwahi kunijia niifunge kwenye karatasi, nimpe mtu anayekwenda Chwaka ampelekee. Nikajiambia yule ni mke wa mtu, na haipendezi. Kisha nikajiuliza angeifanyia nini. Macho yake pengine hayaoni tena vitu vidogo, na mimi, aliyezoea kunicheka nikifa, sipo hapo.

Binamu amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Alinipa shauri tu; aliyesema "Haya" ni mimi. Neno hilo lilimkosesha mke wangu kumwona mama yake mara ya mwisho. Mimi lilinikosesha mke, na watoto ambao tungezaa, na sasa nakaa peke yangu katika nyumba yenye ukumbi mtupu.