Pini za Shaba na Gari la Kandambili

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye delta ya Rufiji, gari la kuchezea halikununuliwa. Ulivizia kandambili ya mtu mzima ikatike, ukachonga magurudumu manne kwa wembe, kisha ukatafuta ekseli, kijiti cha kuyaunganisha mawili mawili. Kazi ilikuwa hapo kwenye ekseli. Wengi walitumia chelewa za makuti, nazo zilivunjika kabla gari halijafika nyumba ya jirani. Mimi, msichana pekee kwenye mashindano yale, nilitaka ekseli isiyovunjika.

Baba alikuwa na boti ya mbao yenye mashine, akivusha watu na nazi kati ya visiwa vya delta na bara. Mto ule haukuwa na njia moja. Maji yakijaa, kila upenyo wa mikoko ni barabara. Yakipwa, barabara hiyohiyo ni tope, na kaa wekundu wanatembea pale ulipopita asubuhi. Tulijua saa kwa harufu ya tope. Tulijua pia mahali viboko walipopenda kulala, maana Mama hakuchoka kutuonya: "Msimchungulie yule. Hana utani na mtu."

Chini ya benchi la nyuma Baba aliweka kopo la maziwa lenye vifaa: koleo, plagi, vipande vya mpira, na pini nne za shaba. Pini ndiyo inayoishika propela. Propela ikigonga gogo, pini inakatika na mashine inapona; unachomeka nyingine, safari inaendelea. Zilikuwa fupi, laini, zinang'aa. Nadhani mmeshaelewa nilichofanya.

Mwaka ambao kaka yangu Hamadi alifanya mtihani wa darasa la saba, kituo kilikuwa bara. Wenzake walikwenda kulala huko tangu jana yake. Baba alikataa; mtoto aliyelala kitandani kwake, alisema, akili yake haiyumbi. Tukaondoka alfajiri, Hamadi kavaa sare iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, penseli mbili mfukoni. Mimi nilipakata kikapu cha mikate ya kumimina, na chini ya mikate nilificha gari langu, nikawatambie watoto wa bara.

Maji yalikuwa yanapwa. Katikati ya safari propela iligonga gogo. Mashine ikanguruma, boti haikusogea. Baba akafungua kopo, akalitikisa, akaligeuza juu chini.

"Pini zangu ziko wapi?"

Nikaitazama mikoko, kana kwamba yenyewe ndiyo iliyoulizwa.

"Mwanaidi," akasema Hamadi, machozi karibu, "maji yanaondoka. Kama unajua, sema."

Sote tulijua: tope likitunasa pale, tutakaa mpaka maji yarudi mchana, na mtihani hausubiri mtu. Kiboko akatoa masikio upande wa pili, akapumua, akazama. Nikatoa mikate. Nikatoa gari.

Baba aliligeuza mkononi, akazungusha gurudumu kwa kidole. "Limekaa vizuri," akasema. "Kumbe boti haina pini, kandambili inazo. Na zile nyingine mbili?"

"Nilimpa Mosi. Akanipa ubuyu."

"Nikifeli," akasema Hamadi, "utanilisha wewe mpaka uzeeni."

Baba akainua mashine, akalala kifudifudi nyuma ya boti na koleo mkononi, nami nikamshikilia miguu kwa sababu ya mamba. Pini ya kwanza ilikatika tena penye kina kifupi. Ya pili ilitufikisha. Hamadi aliruka topeni, viatu akaviacha huko, akaungana na mstari ukiwa unaingia darasani. Alifanya hesabu akiwa na tope hadi magotini, akafaulu. Baba hakunichapa. Alinipa kazi ya kukagua kopo kila asubuhi kabla sijaenda shule, na niliifanya mpaka nilipomaliza darasa la saba mwenyewe.

Leo Hamadi ni nesi, anaishi ng'ambo, Alief, mtaa wa Houston. Mimi nafanya kazi ofisini, Richardson, mji mwingine wa jimbo hilohilo. Kiangazi cha 2019 niliendesha gari mpaka Houston, naye akakodi boti ndogo kuukuu kwenye mto San Bernard, kule chini ambako maji ya bahari hupanda na kushuka. Mwari, wale ndege wa mdomo mkubwa, walipita juu yetu wamejipanga mstari. Mamba alijianika ukingoni, mdogo ukimlinganisha na wa kwetu. Watoto wawili wa Hamadi walimpiga picha, kisha wakaitazama picha badala ya mamba.

Halafu, gogo. Mashine ikanguruma, boti ikatulia.

"Dad, just call the guy," akasema Salma, mkubwa wao, macho kwenye simu; alitaka apigiwe mwenye boti.

Hamadi akanigeukia. "Muulizeni shangazi yenu. Pini zikipotea, huwa anajua zilipo."

Tukacheka sisi wawili hadi boti ikayumba, watoto wakatazamana. Nikafungua kisanduku cha vifaa. Kifuko cha pini kilikuwemo. Pini sita, zote zipo, mpya, zinang'aa.

Hamadi akachomeka moja, tukaendelea. Nilipaswa kufurahi, lakini kifuko kile nilikaa nacho mkononi mpaka tulipofika gatini. Boti ile ilikuwa kuukuu, imeshabeba watoto wa watu miaka na miaka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuhitaji ekseli.