Mwanamke Aliyeitikia Shikamoo ya Mama

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Si kisa nilichosikia saluni, wala sikuyaota. Mume wangu ni shahidi wa sehemu yake, na mjomba wangu wa Kinole ni shahidi wa sehemu iliyobaki, ingawa mjomba hapendi kuulizwa. Ukimaliza kusoma ukasema nimetunga, sitagombana na wewe. Kuna siku ningefurahi sana kama ningekuwa nimetunga.

Tunaishi Morogoro mjini, Kihonda. Mimi ni muuguzi, mume wangu anafundisha chuoni Mazimbu, na tuna mtoto mmoja wa kike, Tumaini, ambaye wakati huo alikuwa darasa la nne. Mama yangu mzazi alikuwa anaishi na sisi. Tulimchukua kutoka Kinole alipoanza kusahau. Mwanzoni alisahau vitu vidogo, mahali alipoweka miwani, sufuria aliyobandika jikoni. Baadaye akaanza kutusahau sisi. Asubuhi nyingine alikuwa akiniona nimevaa sare yangu ya kazi ananiita "nesi", kwa heshima kabisa, kama mgonjwa aliyelazwa. Nilikuwa naitikia. Ungefanya nini?

Wazo la kwenda baharini lilikuwa la mume wangu. Shule zilikuwa zimefungwa, masika imeshika, na msimu huo hoteli za ufukweni hazina watu, wanakupokea kama mfalme. Alisema tumechoka sote, twende tukalale, tule samaki, tusikie kitu kingine tofauti na televisheni ya jirani. Mimi wasiwasi wangu ulikuwa mama. Miaka yote, tangu mimi msichana, kila alipoalikwa pwani alikataa. Hata harusi ya binamu yangu Bagamoyo hakwenda, na hakusema kwa nini. Safari hii nilipomwambia, hakubisha. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta amekaa sebuleni, amevaa kitenge chake kizuri, mfuko wake uko miguuni, ameufunga mwenyewe.

Tukapita Chalinze, tukakata kwenda Msata, tukateremka hadi Bagamoyo, kisha tukaenda mbele kidogo kwenye hoteli moja ndogo ambayo sitaitaja jina. Haina kosa lolote. Tulikuwa wageni peke yetu. Viti vilikuwa vimepandishwa juu ya meza, na mpishi, mama mmoja mcheshi, alikuwa anakuja kutuuliza tunataka kula nini kana kwamba tuko kwake nyumbani. Mvua ilinyesha, ikakatika, ikanyesha tena. Tulilala mchana. Mume wangu alisoma kitabu mpaka mwisho, jambo ambalo sijaliona tangu tuoane. Mama alikaa barazani akiangalia bahari bila kuchoka, na uso wake ulikuwa umetulia. Niliwaza, kumbe alichohitaji ni hiki tu, na sisi tumehangaika na vidonge.

Siku ya pili, alasiri, nilisinzia kwenye kiti pale barazani pembeni yake. Nilipofumbua macho kiti chake kilikuwa kitupu. Mume wangu na Tumaini walikuwa chumbani wanacheza karata. Nikatazama ufukweni.

Maji yalikuwa yamekupwa, yameenda mbali sana, yameacha mchanga mtupu unaong'aa. Mvua ya manyunyu ilikuwa inanyesha. Nikamwona mama yuko katikati ya ule mchanga, anatembea peke yake kuelekea majini, si kwa mwendo wake wa siku hizi wa kuburuza miguu. Alikuwa anatembea kama mtu aliyeitwa. Na mbele yake, pale maji yanapoanzia, alikuwa amesimama mwanamke.

Nilikimbia. Niliita, upepo ukachukua sauti. Nikamwona mama amefika kwa yule mwanamke. Akasimama, akapiga goti kidogo, vile wasichana wa zamani walivyofundishwa, na upepo ukaniletea sauti yake akisema, "Shikamoo, dada."

Yule mwanamke akajibu, "Marahaba, mdogo wangu."

Sasa nisikilize vizuri. Mama yangu ana mvi kichwa kizima. Huyo aliyeitikia marahaba alikuwa binti, nakuambia binti, mdogo kuliko mimi. Amejifunga kanga, nyingine ameitupia begani, miguu peku. Wewe umewahi kuona kijana akipokea shikamoo ya bibi kizee bila kuona haya? Aliipokea kama haki yake. Kisha wakaanza kuzungumza Kiluguru, cha kule juu kwetu, cha haraka haraka, na mama alikuwa anacheka. Akamshika mkono, wakageuka, wakaanza kuingia majini.

Nilipowafikia maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu yao. Mimi nilikuwa nimelowa chapachapa, mama amelowa, kitenge kimemganda mwilini. Kanga ya yule binti ilikuwa kavu. Pindo lake lilikuwa linapepea kama nguo iliyotoka kuanuliwa juani.

Mama akageuka akanitazama, akaniita kwa jina langu la nyumbani. Nilikuwa na miezi sijalisikia kinywani mwake. Akasema, "Njoo umsalimie mama yako mkubwa."

Nikamwambia yule binti, "Dada, samahani, huyu mama ni mgonjwa. Naomba nimrudishe ndani."

"Najua ni mgonjwa," akasema kwa upole tu. "Ndiyo maana amenikumbuka."

"Unampeleka wapi?"

"Simpeleki popote. Ananisindikiza. Nimekaa huku peke yangu muda mrefu."

Nikamshika mama mkono wa pili, nikamvuta. Mimi kazi yangu ni kunyanyua wagonjwa, najua uzito wa mtu. Mama ni mwepesi, naweza kumbeba. Siku ile hakusogea hata kidogo, ni kama nilikuwa navuta nguzo ya umeme. Na maji yalikuwa yameanza kujaa. Niliyasikia yakipanda miguuni mwangu, yakanifika magotini, na wale wawili wanaendelea na maongezi yao kama wako jikoni.

Sijui nani alinipa akili ile. Niliacha kuvuta. Nikapiga goti kama mama alivyopiga, ndani ya maji, nikasema, "Shikamoo, mama mkubwa."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mama mkubwa, naomba utuachie mama. Bado tunamhitaji."

Akatazama kule bahari inakotokea. Akauliza, "Na mimi ananihitaji nani?"

Nikazidi kuushika mkono wa mama.

Akasema, "Kama hamniachii yeye, basi nipelekeni nyumbani."

"Sawa," nikasema. "Tutakupeleka."

Nilijibu hivyo, haraka, kama unavyomjibu mgonjwa anayesumbua ili atulie. Hapo hapo mkono wa mama ukawa mwepesi. Nikamgeuza, tukarudi tukijikokota mpaka mchanga mkavu. Nilipotazama nyuma palikuwa na maji tu, yamekwishafunika pale tulipokuwa tumesimama.

Jioni ile mama alitusimulia, akili yake imenyooka kabisa. Sikuwahi kujua kama mama alikuwa na dada. Aliitwa Hadija. Alikuja mtu wa pwani Kinole kununua machungwa, akampenda, akamwoa, akaondoka naye. Haukupita muda mrefu zikaja habari kwamba Hadija amefariki akijifungua na wakwe wamemzika huko huko. Ilikuwa masika kama hii, njia za mlimani zimekatika, babu yangu yuko kitandani anaumwa. Hakuna aliyekwenda. Mvua zilipoisha wakatuma mtu, akakuta wakwe wamehama, na hakuna aliyeweza kumwonyesha kaburi. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama. Binti akipotea, ni mlango wa ukoo umefungwa. Bibi yangu hakuweza kubeba hilo, akakataza jina lake lisitajwe, na halikutajwa tena.

Mume wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa vitabu. Alisikiliza mpaka mwisho. Baadaye akaenda kumuuliza mpishi kama kuna nyumba za watu upande ule wa ufukwe. Mpishi akasema hakuna nyumba, na msimu ule hata watembezi hakuna. Mume wangu akarudi, akaniambia taratibu, "Umeahidi. Twende." Namshukuru mpaka leo kwa kutonibishia.

Kesho yake tukaondoka. Mama alikaa kiti cha nyuma na Tumaini. Tulipotoka tu getini nikasikia mama anamwambia mtoto, "Sogea huko dirishani, bibi yako akae." Tumaini akasogea, katikati pakabaki nafasi ya mtu. Nilimwangalia kwa kioo. Hakuonekana kuogopa, ila njia nzima hakuweka hata mkono wala mdoli wake pale katikati.

Hatukusimama nyumbani. Tulipita mjini moja kwa moja, tukashika njia ya Mkuyuni, tukaanza kupanda. Utelezi ulikuwa mbaya. Mahali fulani mume wangu alisimamisha gari, akashuka akazunguka akikagua magurudumu. Aliporudi alisema gari linavuta kama limepakia magunia. Mama akasema, "Anaogopa. Zamani alishuka mlima huu kwa miguu."

Tulifika Kinole mvua inanyesha. Mjomba, mdogo wake mama, alitoka mlangoni na mwavuli. Mjomba huyu ndiye kitinda mimba wao, alizaliwa dada yao akiwa ameshaolewa na kuondoka. Hakuwahi kumwona, hata jina lake hakulijua. Hilo naomba ulizingatie. Na simu hatukupiga, hakujua tunatoka wapi wala tunakuja kwa nini.

Alimkumbatia mama, akatusalimia sisi, akampa Tumaini mwavuli. Kisha akachungulia nyuma yetu, kwenye gari. Akasema, "Na huyo binti mbona mmemwacha garini? Mwambieni ashuke, asiogope, hapa ni nyumbani."

Mume wangu alinitazama. Sikuweza kugeuka. Mama ndiye aliyerudi kwenye gari, akafungua mlango, akanyoosha mkono. "Tumefika, dada," akasema. Akarudi polepole, mkono wake umekaa kama wa mtu anayemwongoza mwenzake kwenye utelezi. Walipopita karibu yangu nilisikia ubaridi wa nguo iliyolowa. Safari hii mama mkubwa alikuwa amelowa.

Mjomba alipoelezwa alikaa chini pale pale kibarazani. Lakini hakupoteza muda. Akawaita wanawake wa ukoo, wakaja hivyo hivyo na mvua, na mama akawatajia jina. Wakalia. Walilia msiba ambao ulikuwa haujaliliwa tangu wengi wao hawajazaliwa, wakapika, wakakesha, na asubuhi mzee wa ukoo akaenda na maji na unga kwenye makaburi yetu kumjulisha Hadija kwa mama yake. Mimi nilipika nao, nikalia nao. Niliona ni jambo zuri tumelifanya. Bado naona hivyo.

Ila tulipokuwa tunajiandaa kurudi mjini, mama alikataa kupanda gari. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hawezi kumwacha dada yake baada ya kumngoja miaka yote hiyo. Tulifikiri atabadilika baada ya wiki. Hakubadilika. Mpaka leo yuko Kinole, kwa mjomba. Afya yake ni nzuri kuliko ilivyokuwa Kihonda, anakula, anachambua karafuu, anaongea mchana kutwa na mtu ambaye sisi hatumwoni. Kitandani analala upande mmoja. Mke wa mjomba ameshazoea, akimpelekea chai anapeleka vikombe viwili, na nimemuuliza kama kile cha pili kinarudi kimejaa. Alibeba sinia akaingia jikoni.

Ile akili iliyomrudia mama pale majini, ile ya kuniita jina langu, haikukaa. Mimi nimeshatoka kabisa kichwani mwake. Nikienda kumwona ananikaribisha vizuri, ananipa kigoda, ananiuliza habari za huko nitokako. Mara ya mwisho aliniuliza kama mama yangu yuko hai. Nikamwambia yupo. Akasema, "Basi usikae mbali naye sana," kisha akageukia upande wa pili, akacheka na mwenzake.

Sikuambii usiende baharini. Nenda, na ukiwa na mzazi wako mpeleke, msimu ambao hakuna watu ndio mzuri zaidi. Lakini ukisalimiwa kwa lugha ya kwenu mahali ambapo hapana mtu wa kwenu, itikia kwa adabu, na kabla hujasema "sawa" kwa lolote utakaloombwa, uliza kwanza. Mimi nilikubali kumpeleka mama mkubwa nyumbani, na nimempeleka. Sikumuuliza akishafika atachukua nafasi ya nani.