Nanga ya Tani Nane Juu ya Dema za Shabani

Shabani wa Msimbati hucheka na kila mtu, ila ukimwuliza anavulia wapi, hapo hapo anakuwa kiziwi. Anatega dema, ile mitego ya kusuka, na huizamisha bila boya lolote juu yake ili mpita njia asishtukie. Mahali penyewe anapakumbuka kwa alama za nchi kavu: mnara wa msikiti ukikaa sawa na mnara wa simu, basi yuko juu ya dema zake. Hata mkewe Somoe hajaambiwa.

Nilimfahamu kwenye tishari la mradi wa umeme wa jua, ule wa majukwaa yatakayoelea baharini. Kazi yetu ilikuwa kushusha nanga za kuyashikilia. Yeye aliongoza kamba, mimi nikishika daftari la vipimo.

Kabla ya kazi kuanza, injinia wetu, Yustina, aliitisha mkutano wa wavuvi, akatandaza ramani na kuuliza ni nani mwenye pa kuvulia pale. Wanaume thelathini na ushei walitazama ndala zao. Kwao, kutaja mahali pako mbele ya wavuvi wenzako ni kuwagawia bure. Yustina akaandika kwamba eneo halina mvuvi. Na mimi, mtu wa Rahaleo mjini nisiyejua hata kuogelea, nikampongeza kwa mkutano mfupi!

Jumanne moja asubuhi tukafika kwenye nanga ya tano, bonge la zege la tani nane likining'inia kwenye winchi. Shabani alitupa jicho pwani, kicheko kikamkauka. Msikiti na mnara wa simu vilikuwa vimekaa sawa.

Chini yetu zilikuwa dema zake tisa, na mwamba wa samaki chewa uliosomesha watoto wake watatu. Pembeni yake alisimama Jafari, kibarua mwenzetu, jirani yake na mshindani wake wa miaka yote. Akisema, Jafari atapajua. Akinyamaza, zege litausaga mwamba. Jasho lilimtiririka mpaka nikamwonea huruma bila kujua sababu.

"Mzee Shabani, legeza kamba," Yustina alisema.

Hakulegeza. Winchi ilizidi kushusha, nanga ikaanza kugusa maji.

"Simamisheni!" alipiga kelele. "Mama Injinia, hapa chini ni pangu! Kuna dema zangu, kuna mwamba!"

Winchi ikasimama. Yustina alikunja uso. "Mbona mkutanoni hukusema, mzee wangu?"

"Ningesemaje, mama? Si walikuwepo wavuvi?"

Nilicheka hadi daftari likaniponyoka. Yustina naye alijikaza, ikashindikana. Alimteremsha mzamiaji kukagua, akapiga simu ofisini, na saa sita mchana tukaishusha nanga hatua sitini upande wa kusini, kwenye mchanga mtupu.

Mwamba ulipona, lakini Shabani alikaa juu ya bunda la kamba kama mfiwa.

"Basi tena, Jafari," alisema. "Umeshapajua."

Jafari aliendelea kupaka grisi kwenye roda, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. "Nilishapajua, bwana. Mwaka wa sita huu. Kulabu yangu ilinasa dema, nikaona fundo, nikajua ni lako. Nikairudisha dema majini."

"Na samaki?"

"Walikuwemo, nikawaacha. Dema ya ntu haigusiki."

"Miaka sita! Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungehama."

Machozi yalimlengalenga Shabani, na hakuyaficha. Aliona aibu kwa kumdhania mwenzake vibaya miaka yote hiyo, akatamka hivyo mbele yetu sote. Kisha akainuka, akamshika Jafari bega na kumgeuza kuelekea mlango wa mto Ruvuma.

"Sasa sikiliza, ndugu yangu. Kule nina pengine. Ukiona ule mnazi uliopinda umekaa sawa na..."

Jafari akaziba masikio kwa mikono yake miwili iliyojaa grisi.